Jina la Mtu au Kazi Yake: Asili ya Maneno, Kisangani na Uingereza

Kando ya barabara za Kisangani utamkuta kijana ameketi nyuma ya meza ndogo iliyopangwa chupa na madumu ya mafuta, faneli ya plastiki mkononi, kitambaa cha kuchujia begani. Mwenye pikipiki hamwiti muuza mafuta. Anamwita Kadhafi. Na mwenye jenereta akisimama mbele ya meza hiyohiyo, haombi petroli, anaomba dizeli. Katika biashara ya dakika mbili wametajwa watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua meza mjini humo: Muammar Gaddafi, kiongozi wa nchi yenye visima vya mafuta kule Libya, na Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na kupotea melini mwaka 1913 alipokuwa akivuka kwenda Uingereza. Wa kwanza kaingia barabarani kwa mzaha wa vijana, wa pili kaingia kwa hataza ya injini.

Ukiyatazama haraka, maneno haya mawili yameundwa kwa njia moja: jina la mtu limegeuka jina la kitu. Lakini hayafanyi kazi moja. "Dizeli" ni kumbukumbu ya mtu, hata kama anayelitaja hajui kwamba alikuwa mtu. "Kadhafi" si kumbukumbu ya mtu, ni maelezo ya shughuli: wewe unayekaa na mafuta mengi kuliko sisi, basi wewe ndiwe Kadhafi wetu. Kijana akiacha biashara jina linamtoka siku hiyohiyo, na anayerithi meza analirithi nalo.

Tofauti hii ndogo inarudi kila mara mtu anapolinganisha asili ya maneno ya ajabu ya Kiingereza na asili ya maneno yanayosemwa Kisangani, mji wa mto Kongo ambao Kiswahili, Kilingala na Kifaransa hukaa kwenye sentensi moja bila kugombana. Kiingereza hupenda kukumbuka ni nani. Watu wa mto Kongo hupenda kukumbuka alifanya nini. Kanuni hii ina nyufa zake, ila inatufaa kama mahali pa kuanzia.

Mabwana wawili wa mwaka 1880

Vuli ya mwaka 1880, huko Mayo, magharibi mwa Ireland, Kapteni Charles Cunningham Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya kabaila mmoja, Lord Erne. Mavuno yalikuwa mabaya. Wapangaji waliomba kodi ipunguzwe, hawakupata kiasi walichotaka, na Boycott akaanza kupeleka hati za kuwafukuza. Hawakumpiga. Walimsusa. Vibarua waliacha shamba, wafanyakazi wa ndani wakaondoka, muhunzi akakataa kazi yake, wenye maduka wakakataa fedha zake, hata barua zake zikakosa wa kuzipeleka. Ilibidi watu 50 waletwe kutoka kaskazini kumvunia mazao, huku wakilindwa na askari mamia kwa mamia. Kabla ya mwaka kwisha, Boycott alikuwa amekwisha kuondoka Ireland, na jina lake lilikuwa kitenzi magazetini. Inasimuliwa kwamba padri wa hapo, John O'Malley, ndiye aliyelipendekeza, kwa kuona kwamba neno la kisomi lililokuwepo lingewashinda wakulima kulitamka.

Miaka hiyohiyo, upande wa chini wa mto Kongo, Henry Morton Stanley alikuwa Vivi, akimfanyia kazi Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na kuchonga njia ya kuzunguka maporomoko. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakuu wa Vivi walimwona akiwaonyesha vibarua jinsi ya kupasua mwamba kwa nyundo kubwa, wakampa jina: Bula Matari. Katika Kikongo "bula" ni kuvunja na "matari" ni mawe, ndiyo mawe yaleyale yaliyo katika jina la bandari ya Matadi. Stanley alilipenda jina hilo kiasi kwamba limechongwa kwenye jiwe la kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, chini ya jina alilotumia na juu ya miaka yake, 1841 hadi 1904.

Hapa mila mbili zinaachana. Waayalandi wa Mayo walikamata jina la bwana na kulifanya silaha dhidi ya mabwana wote. Boycott hakuwa tena na mamlaka juu ya jina alilozaliwa nalo. Watu wa Kongo hawakuwa na haja na jina la Stanley. Walimpa jina la kazi yake, kisha wakafanya jambo ambalo yeye hakulitarajia: waliliondoa kwake na kuwapa wote waliomfuata. Ofisa wa Dola Huru ya Kongo akawa Bula Matari. Serikali ya Ubelgiji baada ya 1908 ikawa Bula Matari. Mpaka leo Kilingala kinalo neno "mbula-matari" kwa maana ya serikali, hasa serikali inayokuja na nguvu. Mtu alikufa mwaka 1904, jina likabaki kazini. Aliyelipokea kama sifa hakutambua kwamba waliompa wangelitumia kama maelezo ya tabia: hiki ni kitu kinachovunja.

Kilingala kina neno jingine la dola, "leta", ambalo ni "l'État" la Kifaransa lililomezwa pamoja na kiambishi chake. Msikilizaji wa Kiswahili hulisikia kama amri, na raia aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani hatasema kwamba amesikia vibaya.

Mji wenyewe wa Kisangani umepita katika mvutano huohuo. Stanley aliacha kituo kwenye maporomoko ya huku juu ya mto, Stanley Falls, Desemba 1883, na kituo hicho kikaja kuwa Stanleyville, mji wa Stanley, jina la kumkumbuka mtu. Lakini wenyeji na Waswahili waliokuwa hapo walikwisha kuwa na jina la mahali. Kisangani ina ile "-ni" tunayoijua katika Kisiwani, Darajani na Bandarini, na huelezwa kuwa maana yake ni kisiwani; Kilingala nacho kiliuita mji Singitini, kwa maana hiyohiyo. Mwaka 1966, majina ya Stanleyville, Léopoldville na Élisabethville yalipofutwa, haikuhitajika kamati ya kubuni jina jipya. Jina lilikuwepo midomoni, likapewa ramani tu.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, naye hakukumbukwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Mwenyewe alieleza kwamba "Tippu Tip" ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu waliokuwa wakikimbia. Wengine wakasema ni kwa ajili ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Hizo ni simulizi mbili za jina moja: katika ya kwanza, waliopigwa ndio waliompa jina kwa walichosikia, katika ya pili, waliokaa naye ndio waliompa jina kwa walichoona. Hakuna hata moja inayotoka kwenye ukoo wake.

Muungwana na mtu wa shamba

Kiswahili cha Kisangani kiliwahi kuandikwa vitabuni kwa jina la Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, mwenye adabu na ukoo, kinyume cha mtumwa. Misafara ilipoondoka Bagamoyo na kuvuka Ziwa Tanganyika, neno likaanza kulegea. Mbeba mzigo aliyejua Kiswahili, aliyevaa kanzu na kushika bunduki ya bwana wake, aliitwa muungwana na watu wa Manyema, hata kama pwani angehesabiwa mtumwa. Bara ikapandisha cheo watu ambao Unguja isingewapandisha. Kipimo kilikuwa nguo, dini na lugha. Hati ya ukoo ilikuwa imebaki baharini.

Kiingereza kina safari inayokwenda kinyume. "Villain", neno la mtu mwovu wa kwenye tamthilia na filamu, limetoka katika Kilatini cha mwisho, "villanus", mtu wa shamba, mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Hakuwa amefanya kosa lolote zaidi ya kulima. Wenye mashamba ndio waliokuwa wakiandika, na karne kwa karne unyonge wake uligeuzwa ushamba, na ushamba ukageuzwa ubaya wa moyo. Jirani yake, "silly", aliwahi kuwa aliyebarikiwa katika Kiingereza cha kale. Akashuka akawa mnyonge wa kuhurumiwa, kisha mpumbavu.

Yawekwe pamoja maneno haya na utaona kwamba neno la cheo halikai. Swali ni nani analisukuma. Katika Uingereza ya kale lilisukumwa na waliokuwa juu wakiwatazama waliokuwa chini. Katika njia ya misafara lilivutwa na waliokuwa chini, ambao walipata nafasi ya kujiita jina walilonyimwa nyumbani. Na hatupaswi kulisifu sana hilo: wengi wa waungwana hao wapya walikuwa ndio mikono ya biashara ya pembe na watumwa. Waliokombolewa na neno walikuwa wakiwafunga wengine minyororo.

Ngoma ya Walokele na washairi wa kaskazini

Safari fupi kutoka Kisangani kufuata mto chini iko Yakusu, misheni ya Wabatisti katikati ya Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mtoni. Mmisionari John F. Carrington alifika Kongo mwaka 1938, na mwaka 1949 akachapisha kitabu chake kuhusu ngoma zinazozungumza. Aliyojifunza hapo yanafaa kuwekwa kwenye kila darasa la asili ya maneno.

Ngoma ya Walokele ni gogo lililochimbwa tundu refu juu yake, lenye midomo miwili: mmoja hutoa sauti nzito, mwingine nyembamba. Haina a wala e wala k. Inatoa toni peke yake, na Kilokele ni lugha ya toni. Sasa tazama shida: "sango" ni baba, "songe" ni mwezi, "koko" ni kuku, "fele" ni aina ya samaki. Yote manne yana toni mbili za juu. Mpigaji akigonga mara mbili mdomo mwembamba, msikilizaji wa kijiji cha pili hajui kama ameambiwa habari ya baba au ya kitoweo. Kwa hiyo ngoma haisemi neno peke yake. Mwezi unakuwa mwezi unaotazama chini duniani. Kuku anakuwa kuku, mdogo yule asemaye kiokio. Mkia wa maneno ndio unaomwambia msikilizaji mwezi ni upi na kuku ni yupi.

Washairi wa Kiingereza cha kale walikuwa na desturi inayofanana kwa sura. Bahari waliiita "hronrad", njia ya nyangumi. Mwili wakauita "banhus", nyumba ya mifupa. Utenzi wa Beowulf umejaa majina ya namna hiyo. Mtu wa haraka atasema binadamu ni mmoja, huku na huko wameita vitu kwa mafumbo. Hapana. Mshairi wa kaskazini aliongeza maneno ili wasikilizaji wafikiri kidogo kabla ya kufahamu, na ili vina vya mwanzo wa maneno vipate kulingana. Mpigaji wa Yakusu aliongeza maneno ili wasikilizaji wasipate nafasi ya kukosea. Wa kwanza alificha kwa ajili ya uzuri, wa pili alirefusha kwa ajili ya uwazi, na uzuri ukamjia bila kuutafuta. Mafumbo ya Beowulf yanahitaji mwalimu. Mafumbo ya Walokele yaliwahi kutangaza msiba, mkutano na kufika kwa boti.

Mkia wa neno

Katika miaka ya vita, mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, mafuta yalipokuwa adimu na magari yakalala, watu wa Kisangani walibebwa na baiskeli: mto wa sponji juu ya keria, abiria mmoja nyuma, mara nyingine na gunia lake. Huduma hiyo iliitwa toleka. Katika Kilingala "koleka" ni kupita. "Toleka" ni tupite. Ni neno la mwendeshaji akiomba njia katikati ya watembea kwa miguu, likageuka jina la chombo, kisha likavalishwa mkia wa Kifaransa kumtaja mtu: tolekiste, kwa mfano wa "journaliste" na "dentiste". Mwenye baiskeli akapata neno la kitaaluma kama daktari wa meno. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini neno limekwisha kukaa.

Mkia huo unanikumbusha safari ya neno "bus". Miaka ya 1820 mjini Nantes, Ufaransa, lilianzishwa gari la farasi la kubeba yeyote mwenye nauli. Likaitwa omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya kwa ajili ya wote. George Shillibeer alilipeleka London mwaka 1829. Waingereza walipochoka kulitamka lote walikata kichwa wakabaki na mkia. "Bus" katika Kilatini si kitu. Ni kiambishi tamati cha kuonyesha kwa ajili ya. Sehemu yenye maana, wote, ilitupwa. Kisangani ilichukua mzizi wake yenyewe na kuazima mkia kwa mkoloni. London iliazima neno zima na kubaki na mkia mtupu.

Afrika Mashariki nzima imepachika majina ya usafiri kwa kilichokuwa kinasikika kituoni. Matatu ya Nairobi ni sarafu tatu za senti kumi, nauli ya zamani ya senti 30. Daladala ya Dar es Salaam husemwa imetokana na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Bodaboda ni kilio cha wenye baiskeli wa Busia, waliovusha watu kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Nauli, kilio cha kuita abiria, ombi la kupewa njia: hakuna hata moja lililoanza kwa jina la mwenye kampuni. Teksi ya Ulaya, kwa upande wake, imeitwa kwa mita inayohesabu malipo. Mwenye mita anaita chombo kwa mita. Asiye na mita anakiita kwa sauti yake mwenyewe.

Sheria mbili zisizokuwepo

Kila Mkongomani anaijua Ibara ya 15. Haimo katika katiba inayotumika nchini kwa maana anayoitaja, lakini ndiyo inayotekelezwa kuliko zote: jitafutie. Mshahara haukuja, Ibara ya 15. Barabara imekatika, Ibara ya 15. Wengi huihusisha na dola iliyojitenga ya Kasai Kusini, iliyoongozwa na Albert Kalonji kuanzia 1960, ambako husimuliwa kwamba wakimbizi waliodai msaada waliambiwa wajitafutie, na maneno hayo yakapewa namba ya ibara kwa kejeli.

Mwaka 1961 Mmarekani Joseph Heller alichapisha riwaya ya "Catch-22". Ndani yake kuna kanuni ya jeshi la anga: mwanajeshi mwenye wazimu ataondolewa vitani akiomba, lakini akiomba amethibitisha kuwa ana akili timamu, basi arudi. Namba hiyo nayo ilikuwa ya kubuni. Heller alianza na 18, akaibadilisha kwa sababu riwaya nyingine ya Leon Uris ilikuwa na namba hiyo kwenye jina lake. Kiingereza kikalichukua neno kwa kila tatizo lenye mlango uliofungwa na ufunguo uliofungiwa ndani.

Zote mbili ni mzaha juu ya serikali, zote zinavaa namba ili zifanane na sheria. Lakini zinacheka serikali mbili tofauti. Catch-22 ni mzaha wa mtu aliyezidiwa na serikali iliyopo mno, yenye fomu, daktari, kamanda na kanuni kwa kila jambo. Ibara ya 15 ni mzaha wa mtu aliyeachwa na serikali isiyokuwepo. Ya kwanza haina njia ya kutokea. Ya pili inasema njia ni yako kuitafuta. Na ya kwanza ina mwandishi, mwaka na mchapishaji, wakati ya pili inadaiwa na watu wote.

Mdudu aliyeuawa asubuhi

Ukimsaidia mtu kubeba mzigo bandarini, au ukitaka karatasi yako isogee ofisini, utasikia neno matabisi. Limetoka katika Kireno, "mata-bicho", yaani ua mdudu. Kilikuwa kinywaji kikali cha alfajiri, kinachosemwa kumuua mnyoo tumboni kabla ya kazi. Wafaransa nao walikuwa na msemo wao wa kuua mnyoo kwa kinywaji cha asubuhi. Katika Angola na Msumbiji matabicho limekuwa chakula cha asubuhi. Lilipopanda mto Kongo likawa zawadi ndogo ya kumshukuru mtu, kisha ya kumlainisha. Mnyoo alifia njiani, hakuna anayemkumbuka.

Ndugu zake wako kila mahali. Kifaransa kinaita zawadi hiyo "pourboire", ya kunywa. Kijerumani "Trinkgeld", pesa ya kunywa. Pwani yetu tunayo bakshishi, kutoka Kiajemi, zawadi tu, na chai, ambayo kwa askari wa barabarani si lazima iwe na majani. Kinshasa wana msemo mkali kuliko yote, "madeso ya bana", maharage ya watoto: anayeomba hasemi ana kiu, anasema wana wake wana njaa, na aibu inahamia kwa anayeombwa. Ulaya rushwa ndogo imefichwa ndani ya glasi. Kongo imefichwa ndani ya sufuria ya nyumbani. Hilo linaonyesha nani anatarajiwa kuwa na mshahara na nani hatarajiwi.

Kiingereza kina "tip", na hapo tunakutana na ugonjwa wa kila lugha. Utaambiwa kwa uhakika mkubwa kwamba ni herufi za mwanzo za maneno matatu yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha mgahawa, yanayoahidi huduma ya haraka. Ni hadithi tu. Neno lilikuwa la wezi wa karne ya 17, kwa maana ya kupa, na mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ulikuwa bado haujaenea. Hadithi inapendwa kwa sababu inaifanya zawadi ionekane mkataba.

Sauti iliyopotea njiani

Kiingereza nacho kimechukua maneno kutoka msitu wa jirani na Kisangani, na kulinganisha kusikoangalia upande huo kungekuwa kwa mkono mmoja. Maarufu zaidi ni "okapi". Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Uganda, alizungumza na watu wa msitu wa Ituri aliokuwa amewatoa mikononi mwa Mjerumani aliyetaka kuwaonyesha Ulaya kwa kiingilio. Walimwambia habari ya mnyama wa mistari aishiye ndani ya msitu. Jina walilolitaja lilikuwa na mkwamo wa koo katikati, kama o'api. Johnston aliusikia mkwamo huo kama k, akaandika k. Mwaka 1901 wanasayansi wa London, baada ya kuona vipande vya ngozi na kudhani ni punda milia, walipokea ngozi nzima na mafuvu, wakampa mnyama jina la kitaalamu Okapia johnstoni. Sehemu ya kwanza ni neno la wenyeji lililopotoshwa kidogo; sehemu ya pili ni jina la mtu aliyelipotosha. Waliomfahamu mnyama tangu enzi na enzi wapo ndani ya herufi chache, na hawatajwi.

Bonobo ana kisa cha namna hiyo. Sokwe huyu anaishi upande wa kusini wa mto Kongo tu, ng'ambo ile ambako mji wa Kisangani una mtaa wa Lubunga. Jina lake lilichapishwa mwaka 1954 na Eduard Tratz na Heinz Heck, na inadhaniwa lilitokana na kukosea kuandika Bolobo, mji wa mtoni, kwenye sanduku la kusafirishia. Hakuna lugha ya Kongo inayojulikana kuwa ilimwita hivyo kabla. Leo watoto wa Kongo wanalisoma darasani kama neno la kwao.

Katika visa hivi viwili kanuni niliyoanza nayo inapata sababu yake. Kiingereza hakikumbuki watu kwa kuwa kina adabu kuliko lugha nyingine. Kinakumbuka kwa kuwa kina karatasi, na kwenye karatasi aliyeshika kalamu hujiandika.

Nani anatunza risiti

Kamusi kubwa ya Oxford ilipendekezwa mwaka 1857. Mwaka 1879 mhariri wake, James Murray, alitoa wito kwa wasomaji wa kawaida wamtumie vipande vya karatasi: neno, sentensi lilimokutwa, kitabu, mwaka. Walijitokeza walimu, makasisi, akina mama wa nyumbani, hata mgonjwa aliyefungwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, kazi ikakamilika mwaka 1928. Nguvu ya Kiingereza dhidi ya hadithi za uongo kama ile ya "tip" haitokani na akili za wataalamu. Inatokana na visanduku vya karatasi zenye tarehe.

Kisangani haina visanduku hivyo, na ndiyo maana mjadala wa neno hauishi. Chukua "shege", mtoto wa mtaani. Wako wanaosema ni Che Guevara, aliyekaa mashariki mwa Kongo mwaka 1965. Wako wanaosema ni neno la Kihausa lenye maana ya mwana haramu, lililoletwa na wafanyabiashara wa Afrika Magharibi ambao wamekuwa kwenye miji ya mto tangu enzi za ukoloni. Dai la kwanza lina shujaa, kwa hiyo linapendeza. La pili lina sauti na maana inayolingana, lakini linauma. Atakayeamua kati yao ni yule mwenye gazeti, barua, wimbo au jalada la mahakama lenye neno hilo na tarehe juu yake.

Kazi hiyo haihitaji Oxford. Kisangani ina chuo kikuu tangu 1963, ina redio, ina wazee wa Yakusu na wa kijiji cha wavuvi Wagenya wanaokumbuka yaliyosemwa kabla ya 1966. Mwanafunzi mmoja akiandika leo kwamba amesikia Kadhafi, wapi, kwa maana gani, tarehe gani, amefanya zaidi ya mtaalamu anayekisia asili ya neno hilo baada ya miaka 50. Na aandike pia jina la aliyemwambia, akiridhia. Mila ya mto imetufundisha kukumbuka kazi; mila ya kamusi imetufundisha kukumbuka tarehe. Kisangani inastahili zote mbili, na kwa mara ya kwanza inaweza kuamua yenyewe majina ya nani yaandikwe.